Baada ya Mwaka wa Maandalizi: Kirusi Anachohitaji Mwanafunzi wa Chuo Kikuu



Kila mwaka, majina ya vijana waliopata ufadhili wa kwenda kusoma Urusi yanapotoka, swali letu la kwanza kwao huwa ni lile lile: unakwenda kusomea nini? Kijana hujibu udaktari, uhandisi, kilimo au uchumi, nasi tunampongeza na kumwombea dua. La pili ni baridi: je, ataiweza? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza atasoma kwa lugha gani, nani atamfundisha lugha hiyo, na atamfundisha mpaka lini. Hilo ndilo swali nililokuja nalo jioni hii, kwa sababu baridi ina koti lake, lakini mwanafunzi aliyeachwa nyuma na lugha hana cha kujifunika.

Tuanze na historia kidogo. Tarehe 5 Februari 1960 serikali ya Umoja wa Kisovieti iliamua kuanzisha mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mwaka uliofuata, baada ya Patrice Lumumba kuuawa huko Katanga, chuo kikapewa jina lake. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, na mwaka 2023 likarudishwa. Wapo wazee wetu Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo waliosoma pale, na wengine waliosoma Leningrad, Kiev au Kharkov, wakarudi madaktari, wahandisi na wanajiolojia. Wengi wao waliondoka nyumbani bila kujua hata herufi moja ya Kirusi.

Waliwezaje? Kulikuwa na kitivo cha maandalizi. Mgeni alipewa mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi, katika kikundi kidogo cha darasani, chini ya mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kufundisha Kirusi kwa wageni ni taaluma kamili huko, yenye vitabu vyake, mbinu zake na watafiti wake. Mjini Moscow ipo Taasisi ya Pushkin, ambayo kazi yake hasa ni hiyo, na chimbuko lake ni kituo kilichofunguliwa mwaka 1966. Mpango wa mwaka wa maandalizi upo mpaka leo. Katika miezi hiyo michache mwanafunzi hujifunza lugha, na pembeni yake huanza hisabati, fizikia, kemia au biolojia kwa Kirusi hicho hicho, kulingana na fani aliyochagua.

Kazi wanayoifanya walimu wale ni kubwa. Kijana anafika mwezi wa kumi hawezi kuomba chai, na mwezi wa sita anaeleza kwa Kirusi sheria ya Newton. Mimi ninawaheshimu sana watu hawa. Lakini mwaka ule una mpaka wake, na mpaka huo unaonekana katika tarakimu.

Urusi ina mtihani wa serikali wa Kirusi kwa wageni, wenye ngazi sita na sehemu tano: msamiati na sarufi, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Anayetaka kuingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hutarajiwa kufikia ngazi wanayoiita ya kwanza, ambayo chini yake zipo mbili za wanaoanza. Msamiati wake ni maneno 2,300 hivi. Anayemaliza shahada ya kwanza hutarajiwa kuwa katika ngazi ya pili, na huko msamiati ni maneno 10,000, ambayo 6,000 kati yake awe anayatumia mwenyewe anapoongea na kuandika. Sasa tafakari, ndugu msikilizaji. Kutoka 2,300 hadi 10,000 ni zaidi ya mara nne, na safari hiyo haina mwaka wake wa maandalizi. Kijana anatakiwa aikamilishe huku anasoma anatomia au nadharia ya mashine, huku anafanya mitihani, huku anapika na kufua.

Tuingie naye kwenye ukumbi wa mihadhara, siku za mwanzo za mwaka wa kwanza. Ukumbi una watu mia na zaidi, na wengi wao ni Warusi. Mhadhiri anaandika ubaoni kwa mwandiko wa mkono, tena wa haraka. Kwa mwandiko huo herufi za Kirusi hubadilika sura. Herufi ya sauti T huandikwa kama m yetu, ya P kama n, ya D kama g, ya I kama u. Herufi za sauti L, M na SH zikifuatana, unaona mawimbi tu. Kijana aliyezoea maandishi ya kitabu anatazama ubao na haoni hata neno moja analolijua, ingawa nusu ya maneno yale alifundishwa mwaka jana.

Anafungua kitabu cha kiada. Huko nako kuna jambo limeondolewa. Vitabu vya wanaojifunza Kirusi huwekewa alama juu ya silabi yenye mkazo, kwa sababu mkazo wa Kirusi hauna makao. Sisi kwetu mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache ya kukopa, wala hatuna haja ya kuuwaza. Kwa Warusi neno *zamok* likipigwa mkazo mwanzoni ni ngome ya kifalme, likipigwa mwishoni ni kufuli. Vitabu wanavyosoma wenyewe havina alama hizo. Hata ile herufi ya sauti YO, yenye nukta mbili juu, mara nyingi huchapwa bila nukta, ikafanana na YE. Mrusi anaposoma hukisia kutokana na maana ya sentensi. Mgeni anahitaji mtu wa kumfundisha kukisia, na ufundi huo haupatikani katika maneno 2,300 ya mwanzo.

Kisha kuna vitenzi. Karibu kila kitenzi cha Kirusi kina mwenzake. Mmoja hutaja kazi inayoendelea au inayorudiwa, mwingine hutaja kazi iliyofika mwisho wake. Mwanafunzi akitoka kwenye chumba cha mtihani akasema *ya sdaval ekzamen*, amesema alifanya mtihani, basi, hatujui kilichotokea. Akisema *ya sdal ekzamen*, amesema amefaulu. Tofauti kati yao ni silabi moja. Hilo hufundishwa mapema, na wengi hulishika. Ugumu unakuja juu zaidi. Chukua kauli mbili zinazoweza kusemwa mbele ya mlango wa maabara: *nelzya vkhodit*, na *nelzya voyti*. Neno *nelzya* ni lile lile, na kitendo ni kile kile cha kuingia. Lakini kwa kitenzi cha kwanza umeambiwa hairuhusiwi kuingia, na kwa cha pili umeambiwa haiwezekani kuingia, pengine mlango umefungwa na ufunguo hauonekani. Mwanafunzi wa kemia asiyetofautisha katazo na kushindikana anaweza kujidhuru. Mambo ya namna hii ndiyo Kirusi cha ngazi ya juu: si maneno mageni sana, ni matumizi sahihi ya maneno ambayo mwanafunzi anadhani ameshayamaliza.

Hapa nataka kuwaambia vijana wetu neno la kuwatia moyo, na ni neno la kweli. Msemaji wa Kiswahili haendi kwenye Kirusi mikono mitupu. Tumezoea kufikiri kwamba njia ya kwenda kwenye lugha yoyote ya Ulaya hupitia Kiingereza. Katika Kirusi, mara nyingi Kiswahili ndicho kinachofungua mlango.

Tazameni lugha ya sayansi. Kirusi cha vitabu vya sayansi hupenda kupanga majina mfululizo, kila moja likiegemea lililotangulia. Wanasema *izmenenie skorosti dvizheniya tela*. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiingereza huhangaika hapo. Sisi tunasema mabadiliko ya kasi ya mwendo wa gimba. Mpangilio ni ule ule, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba sisi tunaunganisha kwa *ya* na *wa*, wao wanaunganisha kwa kubadilisha mwisho wa jina. Na mtu aliyelelewa katika ngeli, anayesema kitabu kizuri kimepotea na vitabu vizuri vimepotea bila kufikiri, hana sababu ya kutishwa na lugha ambayo sifa hufuata jina lake. Kirusi kina jinsia tatu za majina. Sisi tuna ngeli nyingi kuliko hizo.

Kuna na jambo linalowatesa wageni wengi wa ngazi ya juu: vivumishi vinavyotokana na vitenzi, ambavyo vimejaa katika vitabu na magazeti ya Kirusi. Viko vya namna nne. *Chitayushchiy*, *chitavshiy*, *chitaemyy*, *prochitannyy*. Mwalimu akivifafanua kwa Kiingereza atahitaji maelezo marefu. Kwa Kiswahili ni maneno machache tu: anayesoma, aliyekuwa akisoma, kinachosomwa, kilichosomwa. Umbo tunalo, na tunalitumia sokoni na jikoni kila siku.

Na mzizi wa neno nao una watoto. Kutoka mzizi mmoja wa mwendo, *khod*, Warusi wamepata *vkhod*, yaani mahali pa kuingilia, *perekhod*, yaani mpito, *podkhod*, yaani namna ya kulikabili jambo, na kwa wachumi *dokhod*, mapato, na *raskhod*, matumizi. Sisi kutoka *enda* tumepata mwendo, mwenendo, uendeshaji, mwendelezo na maendeleo. Mwanafunzi aliyeonyeshwa njia hii hakariri maneno 10,000 moja moja. Anajifunza mizizi na viambishi, na maneno mengi yanajifungua yenyewe.

Lakini nani amemwonyesha? Moscow walishaanza kuishughulikia lugha yetu tangu zamani: kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyosimamiwa na mtaalamu Olderogge ilichapwa huko mwaka 1961, na Kiswahili kinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Moscow. Waliandika kwa ajili ya watu wao wanaokuja kwetu. Kitabu cha kumsaidia kijana wetu anayekwenda kwao, kinachoeleza sarufi ya Kirusi kwa kupitia sarufi ya Kiswahili, hiyo ni kazi ya wanaisimu wetu, na inafaa ifanywe na chuo kikuu chetu wenyewe.

Turudi darasani. Mwalimu mzuri wa Kirusi cha ngazi ya juu hufundisha nini, zaidi ya sarufi? Hufundisha kwanza kunukuu mhadhara. Mhadhiri haongei kwa kasi ya kuandikisha imla, na asiyejua kufupisha atabaki na sentensi ya kwanza huku mwenzake amefika ya kumi. Warusi wana ufundi wao wa kufupisha. Mara nyingi huandika mwanzo wa neno, huweka kistari, kisha huandika mwisho wake. *Kolichestvo*, yaani kiasi, huwa *kol-vo*. Kwa nini wanautunza mwisho? Kwa sababu mwisho wa jina ndio unaosema jina lile lina kazi gani katika sentensi: ndilo mtenda, ndilo mtendwa, au ndilo mmiliki. Mgeni anayekata mwisho wa maneno, kama tufanyavyo sisi, jioni anafungua daftari lake na hajui nani alimfanya nani. Darasani zoezi lake liko wazi: mwalimu anasoma aya moja, mara moja tu, wanafunzi wanaandika mistari mitatu, kisha kila mmoja anaisimulia aya ile upya kutoka kwenye mistari yake. Hurudiwa wiki baada ya wiki mpaka mkono uzoee.

Pili, hufundisha mtindo wa kitaaluma. Karatasi ya utafiti ya Kirusi ina kanuni zake. Mwanafunzi anayeandaa kazi ya mwisho ya shahada hutakiwa aseme kwa nini suala lake lina umuhimu leo, lengo lake ni lipi, majukumu yake ni yapi, kisha atenganishe mambo mawili ambayo sisi mara nyingi huyachanganya: eneo pana analolichunguza, na kipengele hasa anachokichunguza ndani ya eneo hilo. Halafu asimame mbele ya jopo, alieleze jambo lake kwa dakika chache, na ajibu maswali papo hapo. Hapo hakuna kamusi. Mwanafunzi hodari wa hesabu anaweza kuonekana hajui kitu, kwa sababu tu hakufundishwa namna ya kutofautiana na profesa kwa heshima.

Tatu, hufundisha maisha ya wenye lugha. Mwaka 1973 wataalamu wawili, Vereshchagin na Kostomarov, walitoa kitabu kuhusu lugha na utamaduni, wakasisitiza kwamba mgeni hawezi kufundishwa Kirusi bila kufundishwa nchi na watu wake. Walikuwa sahihi. Semi za hadithi za Krylov na za tamthilia ya Griboyedov zimeingia katika mazungumzo ya kila siku, na mhadhiri wa uchumi anaweza kudondoa mojawapo katikati ya somo, ukumbi ukacheka, mgeni akabaki anatazamana na jirani yake. Sisi tuliokulia kwenye methali na mafumbo tunaelewa vizuri hasara ya mtu aliyekosa fumbo.

Na sasa niseme kuhusu udaktari, kwa kuwa vijana wetu wengi wanauendea. Siku hizi vyuo kadhaa vya tiba nchini Urusi hufundisha kwa Kiingereza, na Chuo Kikuu cha Tiba cha Kursk ni miongoni mwa vilivyotangulia. Wazazi wengi huona hiyo ndiyo nafuu: mtoto atasoma kwa lugha anayoijua. Lakini baada ya miaka ya mwanzo ya vitabu, mwanafunzi huingia wodini. Mgonjwa wa Kursk haongei Kiingereza. Ni bibi wa kijijini au fundi wa kiwandani, na haongei hata Kirusi cha kitabu. Anasema kichwa kinampasuka, anachomwa ubavuni, viungo vinamvunjika, kama mgonjwa wa Muhimbili anavyosema tumbo linamkata na mwili unamwaka. Daktari ni mtu wa kusikiliza na kuuliza. Asiyeyaelewa maneno ya mgonjwa hujifunza udaktari kwa kutazama mgongo wa daktari aliye mbele yake. Ndiyo maana vyuo hivyo navyo hufundisha Kirusi cha wodini: namna ya kumhoji mgonjwa, kuandika historia ya ugonjwa na kumtuliza mtu mwenye hofu. Kijana anayekitoroka kipindi hicho kwa kuwa mitihani yake ni ya Kiingereza anajinyima nusu ya elimu aliyoifuata.

Wasikilizaji wapenzi, mnaona sasa ninapoelekea. Mwaka wa maandalizi unampa mgeni lugha ya kuingilia chuoni. Lugha ya kusomea ni nyingine, na haiji yenyewe kwa kukaa nchini. Wapo watu walioishi Moscow miaka mingi na Kirusi chao ni cha dukani na cha treni ya chini ya ardhi. Kinasikika vizuri, kina kasi, lakini hakiandiki ripoti ya maabara. Lugha ya taaluma hufundishwa. Inahitaji mwalimu, ratiba na masahihisho ya kalamu nyekundu, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Chuo kinachompokea mgeni kisha kikapunguza vipindi vyake vya Kirusi pale masomo yanapokuwa magumu, kinamwacha njiani.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanaosimamia ufadhili katika wizara zetu: mnapokaa na wenzenu kuzungumzia nafasi za masomo, ulizeni pia vipindi vya Kirusi baada ya mwaka wa maandalizi ni vingapi kwa wiki, na vinaendelea mpaka mwaka wa ngapi. Liandikeni jambo hilo kwenye makubaliano, kama mnavyoandika posho na malazi.

Kwa wazazi: mtoto akipiga simu akasema masomo ni magumu, msikimbilie kumwambia aongeze bidii. Muulizeni kwanza kama tatizo ni somo au ni lugha, na kama ni lugha, mwambieni amwendee mwalimu wake wa Kirusi wiki hiyo hiyo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na muhula mmoja wa kunyamaza darasani huzaa mwaka wa kurudia.

Na kwenu vijana mnaosubiri barua zenu: msingoje ndege. Herufi za Kirusi ni 33, na mtu mwenye nia huzimaliza kwa wiki chache. Jifunzeni na mwandiko wake wa mkono, si chapa peke yake. Mkifika, msijifungie na wenzenu wa nyumbani tu. Kaeni na watu ambao lugha yenu ya pamoja ni Kirusi. Na mkishaupita mtihani wa kuingia chuo kikuu, endeleeni kuhudhuria darasa la lugha kama mnavyohudhuria somo lenu kuu, kwa sababu kila somo lenu kuu litapitia humo.